Mafuta ya Bibi na Kitambaa Chekundu

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Bibi alikuwa ameshazikagua mali zake zote kwa mikono. Macho yake yalikuwa na ukungu uliozidi mwaka hadi mwaka, lakini vidole vyake havikupitwa na kitu. Aligusa pipa la mafuta ya taa lililosimama kwenye kibanda mbele ya nyumba, akagusa faneli, akagusa vipimo vya bati vilivyoning'inia ukutani, kisha akapapasa madumu yaliyopangwa nyuma ya mlango wa kibanda. Alipomaliza alishusha pumzi na kusema, "Haya, tumeamka salama."

Umeme wa mtaa ule ulikuwa wa kubahatisha. Ulikuja bila hodi, ukaondoka bila kuaga. Kwa hiyo nyumba nyingi zilitumia vibatari na majiko ya mafuta, na karibu wote walinunua kwa Bibi. Walimpenda kwa sababu kipimo chake kilijaa mpaka ukingoni na mafuta yake hayakutiwa maji. Mtu akileta mzaha kwamba Bibi anapima bila kuona, wenzake walimjibu kwamba wapo wenye macho mazima na bado wanapunja.

Bibi aliishi na mjukuu wake na mwanawe. Mjukuu, msichana wa shule, aliitwa Chiriku, na jina hilo hakupewa bure. Alianza kuongea kabla hajafumbua macho vizuri, akaongea akila, akaongea akipiga mswaki. Mama yake alifanya kazi mji mwingine na alikuja mara chache. Mwana wa Bibi, ambaye Chiriku alimwita Mjomba, alikuwa fundi wa pikipiki, na nyumbani aliweka dumu la petroli ya kuoshea vipuri. Bibi hakuipenda petroli hiyo hata kidogo. Aliikubali kwa sharti moja tu: dumu lake lifungwe kitambaa chekundu kwenye mkono wa kushikia, kwa fundo la nguvu, ili yeye akipapasa ajue.

"Lenye kitambaa lisiguswe," alisema. "Lisilo na kitambaa ndilo letu."

Siku hiyo Chiriku alichelewa, kama ilivyo desturi yake. Alipoubeba mkoba wa shule, mkanda ukakatika na vitabu vikamwagika sakafuni. Akavikusanya haraka haraka, akatazama huku na huku atafute kamba. Kamba haikuwepo. Macho yakaangukia kitambaa chekundu. Alilifungua fundo kwa meno, akakifungia mkoba wake, akauona umependeza.

"Jioni nitakirudisha," alijiambia, akatoka mbio.

Darasani, kipindi cha mwisho, Mwalimu aliandika swali ubaoni: Tunajuaje kwamba jambo hili ni jema na lile ni baya? Mikono ikainuka. Mmoja alisema jambo baya ni lile linaloadhibiwa. Mwingine akasema jema ni lile ambalo wakubwa wamekuambia ufanye. Msichana wa dawati la mbele, ambaye hakosi jibu, akasema moyo wenyewe humwambia mtu. Kisha akasimama mvulana mnene waliyemwita Kibonge.

"Mwalimu, baya ni lile unalolifanya huku unaangalia nyuma kama kuna mtu."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, lakini hakusema nani amepata. "Mkalifikirie nyumbani," alisema. "Kesho tutaendelea."

Chiriku alipofika nyumbani alimkuta Bibi amevaa viatu vya safari, ameshika fimbo yake. Jirani mmoja alikuwa anampeleka kliniki ya macho.

"Mjukuu wangu, kaa kibandani uuze. Pipa lilikuwa limekaribia kuisha, nimelijazia dumu zima mchana huu. Pima vizuri, usimpunje mtu. Na mdomo wako huo usiwacheleweshe wateja."

"Sawa, Bibi. Nenda salama."

Chiriku alikuwa na mafua tangu juzi, na Bibi alishaambukizwa; pua zao zilikuwa zimeziba kabisa. Aliuza kwa raha, huku akimpa kila mteja habari za shule bila kuombwa. Kwanza alikuja Mama Pacha, mama wa watoto wawili wa kike waliofanana hata meno. Akajaza chupa ya jiko lake. "Leo hawa wangu watakula mapema," alisema. "Wameshaanza kunililia." Baada yake akaja kinyozi, halafu akaja mzee fundi cherehani, ambaye karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Chiriku alimwita Babu ingawa hawakuwa ndugu, kwa kuwa ndiye aliyemshonea sare tangu alipoanza shule. Mwisho akaja mtoto mdogo wa kiume aliyevaa sweta la njano lililomfika magotini, ameshika chupa ya soda mikononi kama ameshika yai. Chiriku hakuwahi kumwona. Alimjazia, akamfungia kizibo, na mtoto akaondoka taratibu akiitazama chupa yake.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Mjomba alipoingia, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Alipita moja kwa moja hadi nyuma ya mlango. Chiriku alimsikia akisogeza madumu, likafuata neno zito ambalo haliandikiki kitabuni.

"Nani kamwaga petroli yangu?"

"Hakuna aliyeigusa, Mjomba."

"Dumu hili hapa, halina hata tone! Na kitambaa chake kiko wapi?"

Chiriku aligeuka haraka. Aliutazama mkoba wake uliokuwa umetundikwa msumarini. Kitambaa chekundu kilikuwa kimeufunga vizuri, bado kimependeza. Ndipo alipomwona Bibi akilini mwake, anapapasa madumu kwa vidole vyake, anatafuta kitambaa na kukikosa, anasema hili ndilo letu, analiinamisha kwenye pipa.

Mjomba naye alifuata macho yake mpaka kwenye mkoba. Hakuhitaji kuelezwa. Alikwenda kwenye pipa, akafungua bomba kidogo, akanusa kidole. Sura ilimbadilika.

"Umewauzia wangapi?"

"Wote waliokuja," Chiriku alisema. "Mjomba, mtu akiwasha hii itakuwaje?"

Mjomba alijua vizuri itakuwaje, kwani katika kazi yake aliwahi kuona petroli ikirukia moto. Alifunga mlango wa kibanda, akakaa juu ya dumu tupu, akaanza kusema kwa sauti ya chini.

"Sikiliza. Wewe ulikusudia?"

"Hapana."

"Bibi alikusudia?"

"Hapana, Mjomba."

"Basi hakuna mwenye kosa hapa. Kosa ni nia. Na petroli yenyewe haikuwa nyingi, imechanganyika na mafuta, huenda ikawaka tu kama kawaida. Lakini ukienda kusema, Bibi yako amekwisha. Nani atanunua tena kwa mwanamke asiyeona, aliyeuza petroli kwenye vibatari? Atakula nini? Dawa za macho zitatoka wapi? Mambo ya nyumba hayapelekwi barabarani. Leo kwa mara ya kwanza maishani mwako, Chiriku, funga mdomo."

Chiriku akaufunga. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, na nje watu walipita wakisalimiana kama vile dunia haina tatizo lolote. Alikuwa amebanwa kila upande. Akajaribu kukumbuka majibu ya darasani apate hata moja la kumwokoa. Baya ni lile linaloadhibiwa. Lakini akikaa kimya, nani atamwadhibu? Jema ni lile waliloagiza wakubwa. Na mkubwa aliyekuwepo amemwagiza anyamaze. Moyo humwambia mtu. Lakini moyo wake ulikuwa unamdunda kwa mambo mawili kwa pamoja, unamlilia Bibi na unawalilia wateja, wala haukusema ni yupi kwanza. Hata jibu la Kibonge halikufaa. Asubuhi alipokifungua kile kitambaa hakuangalia nyuma hata mara moja. Hakujua kama kuna cha kuangaliwa.

Alitamani Bibi arudi, na papo hapo akaogopa kurudi kwake. Alitamani asubuhi ianze upya, achelewe shule, achapwe, lolote liwe, mradi kitambaa kibaki pale kilipokuwa. Jua likazidi kushuka. Mwanga uliopenya kwenye ufa wa mlango ukawa mwekundu, ukasogea polepole sakafuni.

Ndipo alipomkumbuka Mama Pacha. Leo hawa wangu watakula mapema. Akawaona wale watoto wawili, wanavyopenda kuchuchumaa mbele ya jiko wasubiri sufuria ichemke, nyuso zao karibu kabisa na utambi. Hapo hakufikiri tena juu ya nia wala adhabu. Alijiona tu amesimama mbele ya Mama Pacha, akijaribu kumweleza kwa nini alijua na akanyamaza, na hakupata neno hata moja la kusema. Yeye, Chiriku, alikosa neno.

Akasimama, akasukuma mlango.

"We mtoto!" Mjomba alifoka. "Rudi hapa!"

Lakini Chiriku alikuwa ameshavuka mtaro. Alikimbia peku, ndara moja imebaki kibandani na nyingine sijui wapi, akawapita watu bila salamu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alimkuta Mama Pacha amepiga magoti jikoni anamimina mafuta kwenye jiko, na watoto wako pale pale alipowaona akilini, mmoja kulia, mwingine kushoto. Alimpokonya chupa.

"Usiwashe, Mama! Usiwashe! Mafuta yameingia petroli!"

Mama Pacha alimtazama kama mtu aliyeamshwa kwa maji baridi. Kisha akawavuta watoto wake wote wawili kwa mkono mmoja, akakaa chini nao.

"Petroli? Imeingiaje? Bibi yako anajua?"

"Hajui. Kosa ni langu. Nilifungua alama ya dumu."

"Na nani mwingine amenunua?"

Chiriku akaanza kuwataja huku analia, na Mama Pacha akampigia kelele, "Sasa unanitazama nini? Kimbia!"

Alikimbia kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa bado ana mteja kitini, kichwa nusu kimenyolewa, na chupa ya mafuta ilikuwa chini ya meza haijaguswa. Chiriku aliichukua, akasema kwa kifupi, akatoka. Sasa alianza kupata matumaini kidogo. Babu Fundi hawashi kibatari mpaka giza liingie kabisa, kila mtu anajua alivyo mkono wa birika. Labda, alijiambia, labda yote yatakwisha kimya kimya, chupa kwa chupa, na mtaa usijue, na Bibi abaki na heshima yake.

Alipokaribia karakana alisikia harufu hata kwa pua yake iliyoziba. Ilikuwa harufu ya nguo zilizoungua.

Majirani walikuwa wameshauzima moto. Meza ya cherehani ilikuwa nyeusi upande mmoja, na sare ambazo mzee alikuwa anazimalizia zilikuwa zimeloa na kuungua chini. Babu Fundi alikaa kwenye kibao, mkono wake wa kulia umezamishwa kwenye beseni la maji, midomo ameikaza. Kumbe siku hiyo alikuwa na kazi ya haraka, na chumba chake kina dirisha dogo. Aliwasha mapema.

"Babu," Chiriku alisema.

"Kibatari kimenilipukia," mzee alisema, kwa mshangao zaidi kuliko hasira. "Miaka yote hii. Mafuta gani haya mmeniuzia leo?"

Angeweza kusema hajui. Majirani walikuwa wanalaumu utambi, mwingine analaumu kibatari chenyewe kuwa kikuukuu. Mlango wa uongo ulikuwa wazi kabisa mbele yake.

"Yana petroli, Babu. Ni mimi. Nilitoa alama kwenye dumu, Bibi akalimimina bila kujua."

Mzee aliinua macho.

"Umejua tangu lini?"

Swali hilo lilimwuma Chiriku kuliko kofi. Karakana ilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Wakati yeye amekaa sakafuni anapima maneno ya Mjomba, wakati mwanga unasogea polepole kwenye ufa wa mlango, mzee huyu alikuwa hapa, anatafuta kiberiti chake.

"Nilijua kabla hujawasha," alisema. "Nilikaa kwanza. Niliogopa."

Babu Fundi aligeuza uso akatazama beseni. Chiriku alitaka ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi haikumsaidia, na bado palikuwa na chupa moja. Chupa ya soda. Sweta la njano.

"Kuna mtoto," alisema kwa sauti iliyokatika. "Mdogo, ana sweta la njano refu. Nani anamjua? Anakaa wapi?"

Hakuna aliyemjua. Mmoja alidhani ni mtoto wa wapangaji wapya. Wapangaji wapi? Hakujua. Mwingine alimwona akiteremka njia ya bondeni, lakini bondeni nyumba zilikuwa zimebanana, vichochoro visivyohesabika, na kila chumba kina familia yake. Chiriku alisimama katikati ya barabara akizungusha kichwa. Jua lilikuwa limezama nusu. Nyumba moja iliwasha taa, kisha nyingine. Kila dirisha lililopata mwanga lilimchoma kifuani.

Hapo alipita muuza dawa ya panya, anasukuma baiskeli yake anarudi nyumbani. Kipaza sauti chake kilikuwa kimefungwa kwenye usukani, nacho kinapiga kelele zile zile za kila siku: "Dawa ya panya, mende, kunguni! Panya akionja hasemi kwaheri!"

Chiriku aliushika usukani kwa mikono miwili.

"Kaka, niazime kipaza sauti chako. Nakuomba. Nakupigia magoti."

"Acha utani, binti. Hiki ni cha kazi, na betri zenyewe zinakufa."

Alimweleza. Muuza dawa alisikiliza hadi mwisho, akazima panya wake, akamkabidhi kipaza sauti.

Chiriku alikileta mdomoni, kisha akasita. Kwenda mlango kwa mlango lilikuwa jambo moja. Hili lilikuwa jingine. Akisema hapa, atasikia mtaa mzima na bonde zima, na kesho watu watalitaja jina la Bibi huku wakitikisa vichwa. Ndilo lile alilolikataza Mjomba, tena kwa sauti kubwa kupita alivyoogopa. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mtoto asiyemjua hata jina, wa watu asiowajua, ambao huenda wasimjue kamwe.

Alimwona tena anavyoondoka na chupa yake, anaitazama isimwagike.

"Jamani!" Sauti yake ilitoka inakwaruza, ikajaa barabara. "Aliyenunua mafuta ya taa leo kwa Bibi asiyeona, asiwashe! Yana petroli! Mtoto wa sweta la njano, mwenye chupa ya soda! Mama yake popote ulipo, usiwashe taa!"

Watu walitoka milangoni. Alisema mara ya pili, akateremka njia ya bondeni akisema, muuza dawa nyuma yake anasukuma baiskeli. Ghafla alisikia fimbo ikigonga mawe, gonga gonga, upesi kuliko kawaida. Bibi alikuwa amerudi kutoka kliniki, jirani amemshika mkono. Alikuwa amesikia kila neno.

Chiriku alishusha kipaza sauti. Machozi yalimtoka bila kizuizi.

"Bibi, nisamehe. Nilichukua kitambaa. Nimekuharibia jina."

Bibi alinyoosha mkono akapapasa hewani mpaka akalipata bega la mjukuu wake. Chiriku alifumba macho angojee kipigo.

"Mtoto ameshaonekana?"

"Bado, Bibi."

"Basi unanililia nini? Sema tena. Wa kule chini hawajasikia."

Chiriku akajaribu, sauti ikagoma. Bibi akakichukua kipaza sauti mwenyewe. "Mimi ndiye mwenye mafuta!" alisema, na sauti ya mwanamke mzima aliyezoea kuita wateja ikashuka bondeni hadi mwisho. "Mafuta yangu leo ni mabaya! Msiwashe! Nirudishieni chupa zenu zote!"

Walikwenda hivyo, kichochoro baada ya kichochoro, wakipokezana, mpaka betri zikabaki kukoroma. Giza lilikuwa limeshaingia kwenye pembe za nyumba. Chiriku alikuwa amekata tamaa kabisa, amebaki anasema kwa mdomo mtupu, wakati mlango mmoja wa bati ulipofunguliwa na mwanamke akatoka. Mkono mmoja ulibeba kibatari kilichojaa mafuta mpaka shingoni. Mkono mwingine ulikuwa na njiti ya kiberiti ambayo haijachomwa. Nyuma ya gauni lake alichungulia mtoto wa sweta la njano.

"Nilikuwa nataka kuwasha," mwanamke alisema. "Nikasikia mnasema sweta la njano." Akakiweka kibatari chini taratibu, kisha akaitupa njiti mbali. Chiriku alimkumbatia yule mtoto kwa nguvu hadi mtoto akalia.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kweli. Kibanda kilifungwa. Mjomba aliyatoa mafuta yote pipani akayapeleka karakanani kwake yatumike kuoshea vipuri, na dumu la petroli halikurudi tena nyumbani. Alikwenda kwa Babu Fundi kuomba radhi, na kila asubuhi akawa anamfungulia milango na kumfagilia mpaka mkono upone. Chiriku naye alikwenda kila jioni baada ya shule, akashona vifungo kwa mkono, akazifumua zile sare zilizoungua. Mara ya kwanza mzee hakumsemesha. Mara ya pili alimwambia tu kwamba mishono yake ni mirefu kama miguu ya korongo. Chiriku alifurahi mno kusikia hivyo.

Bibi alipofungua tena, pipa likiwa safi na mafuta mapya, kibanda kilikaa bila mteja. Watu walisalimu kwa mbali na kupita. Chiriku aliona aibu kuinua macho, na Mjomba hakusema nilikuambia. Mteja wa kwanza alikuja na chupa ya soda. Alikuwa mama wa yule mtoto.

"Kuna wauzaji wengi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani. "Lakini mimi nanunua kwa yule atakayenipigia kelele mafuta yakiharibika."

Baada yake akaja Mama Pacha, kisha kinyozi, na wengine wakafuata polepole. Mwisho akaja Babu Fundi, mkono umebaki na kovu linalong'aa. Alitoa mfukoni kipande cha kitambaa chekundu, kipya, kimekunjwa pindo vizuri.

"Wapi dumu la petroli?"

"Tumelifukuza, Babu," Chiriku alisema.

"Basi lipo dumu la maji, lipo la siki, hayakosekani. Lete hilo ambalo Bibi yako hapaswi kulikosea." Akakizungusha kwenye mkono wa dumu la siki, akatoa sindano, akakishona pale pale kwa mishono mifupi iliyobana. "Meno yako hayatakifungua hiki."

Jioni hiyo Chiriku alikaa miguuni kwa Bibi.

"Bibi, Mwalimu alituuliza tunajuaje jema na baya. Kila mtu ana jibu lake. Mjomba alisema kosa ni nia."

"Mjomba wako alinipenda mimi, akanifikiria mimi peke yangu," Bibi alisema. "Nia ni kitu kikubwa, wala sikulaumu kwa kitambaa kama ningelaumu mwizi. Lakini moto haumwulizi mtu nia yake. Sikiliza, mjukuu wangu. Ukishindwa kujua, lichukue hilo jambo lako ulipeleke mpaka mlangoni kwa yule litakayemfikia. Mtazame usoni, umweleze. Ukiweza kumweleza yote bila kuficha, endelea. Ukikosa neno la kumwambia, acha hapo hapo, ukatengeneze."

"Na nisipomjua? Kama yule wa sweta la njano?"

"Mlango anao," Bibi alisema. "Utautafuta. Na usikae sakafuni kwanza."

Kisha Bibi aliinuka, akazungukia mali zake kwa mikono: pipa, faneli, vipimo, madumu. Vidole vyake vilifika kwenye kitambaa kipya, vikatulia hapo, vikaipitia mishono ya Babu Fundi mmoja baada ya mwingine.

"Haya," alisema. "Sasa washa taa."

Chiriku alichukua kiberiti. Aliitazama njiti kwa muda, akainusa kwanza chupa ya mafuta, akainusa tena, kisha akawasha.